Mchi, Siagi na Gari la Uwineza

Jumapili, tarehe 24 mwezi wa nane

Funika kaye hii, Hategekimana! Miaka arobaini na saba wewe ni mume wangu, na bado hujui kwamba kitu cha muntu si chako. Najua unasoma nikienda mazoezi ya kwaya. Juzi niliacha unywele mmoja katikati ya kurasa. Unywele haupo. Aibu! Mzee muzima mwenye mvi!

Bon. Naandika. Kaye hii, daftari hili, alinipa mjukuu wangu Uwineza. Ati Koko, bibi yangu, ukikasirika, andika kwanza, usiwafokee bantu. Miye nilifika darasa la nne tu. Lakini hasira yangu imemaliza masomo yote.

Leo tukitoka misa Mzee wangu amekata kona pale mteremkoni. Gari likalia: ta-ta-ta-ta! Kama muntu anayevunja karanga kwa meno. Kila gurudumu la mbele likipinda, ta-ta-ta. Mzee akasema ni kruaziyo, ule msalaba mdogo wa chuma ndani ya ekseli ya mbele. Ndio unaofanya gurudumu lizunguke hata likiwa limepinda. Umekwisha. Akasema tumwite Ndayambaje.

Ndayambaje! Fundi wa Kamembe, ambaye sijasema naye tangu Pasaka. Nilichosema ni kweli tupu. Gari alikuwa amelitengeneza yeye, lakini betri yetu ilizimika njiani siku ya ubatizo wa mutoto wake, nikafika nimechelewa, nimejaa vumbi. Nikasimama mbele ya bageni bote nikasema kitu pekee ambacho Ndayambaje anajua kufungua vizuri ni chupa. Bantu bakacheka mpaka wiki ya tatu. Sasa amemwambia Mzee atakuja kwetu siku Koko atakayosema pardon, aombe msamaha.

Pardon! Kijana niliyemlisha fufu Bukavu miaka miwili, akijifunza kuendesha gari kwa Mzee!

Lakini Jumamosi Uwineza anaolewa. Kitanda, kabati, sufuria, vikapu, mashine ya kushona, vyote vinakwenda kwa mume, huko Giheke. Nilimleta kutoka Bukavu katika gari hili akiwa na miezi saba, ndani ya kitenge, akilia njia yote. Siku ile niliapa: gari lililokuleta ndilo litakalokupeleka. Kiapo ni kiapo.

Nitatengeneza mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 25

Nina akili. Jirani yangu Concessa ana kamiyo mpya, lori dogo, na kamiyo mpya ya Concessa tayari ni mgonjwa. Leo Ndayambaje alikuwa uani kwake, anabadilisha kruaziyo ya shafti ndefu ya chini. Shafti ni nyingine, lakini msalaba ni msalaba. Nikachukua parachichi sita, nikaenda kumsalimu Concessa. Akashangaa. Tangu achaguliwe kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, sauti ambayo ni yangu, sijampelekea hata ndizi.

Nikakaa kwenye kigoda, macho kwa fundi. Akanisalimu, jambo Koko, uso chini. Nikaitikia kwa pua. Lakini mikono yake niliitazama vizuri. Ana kidole gumba kipana kama kijiko, kina kovu katikati. Kovu lile alilipata kwetu, kwenye kisu changu cha mihogo. Nilimfunga mwenyewe.

Concessa akaniita ndani niangalie pazia zake mpya. Dakika moja tu. Mbaya, rangi ya bilinganya iliyooza. Niliporudi fundi alikuwa amekwisha kuanza kupiga nyundo. Pa, pa! Kikombe cha chuma kikatoka kama jino la mutoto. Vikombe vinne, msalaba nje. Basi. Hiyo ndiyo kazi ambayo bantu banaiogopa?

Concessa akasema, kwa ile sauti yake ya maziwa, kwamba gari letu likishindwa, kamiyo yake ipo kwa ajili ya vitu vya Uwineza.

Afadhali nivibebe kichwani.

Jumanne, tarehe 26

Mzee ameinua gari kwa kriki. Ametoa gurudumu, ametoa na mkono wa ekseli wa kulia. Hayo anayajua, aliendesha lori Bukavu na Uvira miaka mingi. Halafu nikachukua kazi.

Fundi ana chuma cha kubana. Miye nina kinu. Nikalaza mkono wa ekseli mdomoni mwa kinu, nikashika mchi, nikatwanga. Nimetwanga mihogo tangu nina miaka saba, hakuna muntu wa kunifundisha kutwanga. Mzee akataka kusema kitu. Nikamwambia anyamaze. Nikatwanga. Kikombe hakitoki. Mzee akafungua mdomo tena. Nikamwambia aufunge, leo hata neno moja asiniambie. Nikatwanga mpaka jua la saa nane.

Kinu kikapasuka. Kile cha mama mkwe! Alinipa siku ya ndoa, pamoja na maneno mengi. Kinu kimekwisha, maneno bado yapo.

Kikombe hakikusogea hata unene wa ukucha.

Jumatano, tarehe 27

Asubuhi Mzee alikuwa zizini. Nilimkataza kuniambia neno, basi akamwambia ng'ombe. Kwa sauti, ili nisikie jikoni. Ee ng'ombe wangu mupenzi, muntu akitaka kutoa kikombe cha kruaziyo, anatoa kwanza zile pete ndogo zinazokishikilia. Asipozitoa, hata akitwanga mpaka Noeli, hakitoki.

Pete! Ndayambaje alizitoa wakati ule nikitazama pazia! Concessa alinivuta makusudi, vrema, kweli kabisa.

Nikaenda garini polepole, kama muntu aliyewaza mwenyewe. Nikasema, Mzee, mbona hujaona hizi pete? Akaomba pardon. Muntu muzuri.

Tukazitoa kwa koleo. Nikapiga mara mbili. Kikombe kikaruka! Na ndani yake, Mana yangu, Mungu wangu, kumejaa sindano, vyuma vidogo vyembamba kama punje za mchele, vingi, vimepangwa mduara. Vikamwagika vyote juu ya mkeka wangu wa maharagwe.

Tumechambua mpaka jioni. Tulipokula, Mzee akatoa sindano moja mdomoni, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka pembeni ya sahani. Akaendelea kula. Ndiyo maana nilikubali kuolewa naye.

Alhamisi, tarehe 28

Nimevuka daraja la Rusizi ya pili, nimeenda Bukavu, upande wa Kongo, na msalaba wa zamani ndani ya kikapu. Afisa wa mpaka akafungua kitenge, akaona chuma cheusi, akaniuliza ni dawa ya kienyeji? Nikamwambia ni harusi. Akaniachia nipite.

Muuzaji wa vyuma, kijana mwenye miwani ya jua ndani ya duka lenye giza, ati Maman, mwambie papa aje mwenyewe. Nikamwambia papa yupo nyumbani anachambua maharagwe. Akapima msalaba, akaleta mpya. Akasema nichukue miwili, kwani wa kulia ukiisha, wa kushoto unaufuata. Bauzaji bote banasema miwili. Kesho atasema nichukue na gari la pili. Nikachukua mmoja.

Nimerudi kwa miguu kutoka barabara kubwa, kifua mbele. Nikapita mbele ya Concessa polepole sana.

Ijumaa, tarehe 29

Kesho ni harusi.

Asubuhi nilianza na moyo muzuri. Sindano za msalaba mpya zinataka grese nzito ya kuzishika zisianguke. Grese hatuna. Lakini nina siagi ya ng'ombe, niliyoitikisa mwenyewe kwenye kibuyu, ya kumpaka bibi harusi. Nikaipaka. Zikashika vizuri, zikanukia harusi. Nikaingia ndani kuchukua mchi. Niliporudi paka alikuwa analamba kikombe cha tatu.

Nikamfukuza. Nikakipaka upya, nikaweka, nikapiga. Kikombe kikaingia nusu, kikakwama. Mzee akainua mkono kama mutoto wa shule. Nikamwambia ashushe. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, na za mama yangu.

Ta! Kimepasuka. Kumbe sindano moja ililala chini ndani ya kikombe, inazuia. Mzee akasema polepole kwamba ndilo alilotaka kusema.

Nikakaa chini, juu ya gurudumu.

Jioni Concessa alikuja. Hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi. Akasema tu, Maman Laurence, funguo za kamiyo ziko mlangoni kwangu, ukizitaka. Nikamshukuru kama muntu anayemeza kwinini chungu.

Halafu Uwineza akakaa karibu nami, akaweka kichwa begani, akasema Koko, hata kwa miguu nitafika, usihuzunike. Mutoto huyu. Nikamwambia ananukia kitunguu, aende kuoga. Sikutaka aone macho yangu.

Sasa naandika, kwani mdomo wangu haujui njia ya neno hili. Nilimkosea Ndayambaje. Betri ilikuwa yetu, na ilikuwa ya zamani, Mzee alinionya. Kijana yule alikuwa amefungua garaji yake mwezi ule ule, na miye nikamchekesha mbele ya bantu bake. Pardon. Nimeandika. Kusema siwezi. Mungu amesoma, inatosha.

Hategekimana, kama na wewe umesoma, ole wako.

Jumamosi, tarehe 30

Haya nayaandika usiku huu nikiwa bado na viatu vya sherehe, miguu imevimba.

Leo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa hiyo umuganda kwanza, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, harusi baadaye. Kutoka saa mbili mpaka saa tano hakuna gari linalotembea. Miye kwa umri wangu naruhusiwa kukaa nyumbani. Lakini Mzee, ajabu, akaniletea jembe mkononi. Akasema nenda, Laurence, usipoenda Concessa atasema umechoka. Kweli kabisa! Nikaenda. Tukafukua mtaro wa barabara. Nikamtafuta Concessa nimwonyeshe ninavyolima. Hakuwapo! Mvivu. Wakaniambia amepeleka kamiyo yake kumchukua muntu Kamembe tangu alfajiri. Kabla jua halijatoka, muntu anazurura!

Nilirudi nikiwa nimeamua. Nitapita mlangoni kwa Concessa, nitachukua funguo, nitakufa kwa aibu lakini Uwineza atafika.

Gari limesimama uani! Kwa magurudumu yote manne! Mzee ameketi mbele, ameshavaa koti. Akawasha, akapinda usukani mpaka mwisho, akazunguka ua mzima. Kimya. Nikasema tena. Akazunguka tena. Kimya kama misa ya asubuhi.

Nikamuuliza, na kikombe kilichopasuka? Akasema chuma kikipata siagi ya ng'ombe, kikilala usiku mmoja, kinapona.

Nilijua! Siagi yangu!

Hata upande wa kushoto, ambao sikuugusa, nao umenyamaza. Umeogopa.

Tukapakia. Kitanda, kabati, mashine ya kushona juu. Uwineza akakataa gari la bibi harusi lenye maua, akapanda mbele katikati yetu babili, na nguo zake zote, na njia nzima hakulia. Miye ndiye niliyelia kidogo, ni vumbi. Mlima wa Giheke tulipanda kama mbuzi.

Kwenye sherehe nikaomba kusema. Nikawaeleza bageni bote nilivyotengeneza ekseli kwa mchi na siagi. Bantu bakacheka hadi kulia, Concessa alishika tumbo, Mzee alitazama viatu vyake. Ndayambaje alikuwapo, sijui nani alimwalika. Akasimama, nikafikiri sasa atalipiza. Akasema mbele ya bote: bamama na bapapa, miye nimesomea ufundi miaka sita, lakini siagi sikuifikiria. Koko amenishinda. Akaniletea chupa, akaifungua mwenyewe mbele yangu, taratibu, akasema hii kweli najua kuifungua.

Hapo nami nikacheka. Nikamsamehe.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tisa

Leo nimefungua kaye kwenye ukurasa wa Ijumaa. Pembeni ya neno pardon kuna alama ya kidole, nyeusi, ya grese. Kidole gumba. Kipana kama kijiko. Kina kovu katikati.

Cha Mzee ni chembamba.

Na nikifua koti lake nimepata mfukoni kikombe cha chuma kilichopasuka, kinanukia siagi.

Nimetazama hiyo alama muda mrefu. Nimekiweka kikombe kwenye kabati, pamoja na soksi za kwanza za Uwineza. Mambo mengine muntu anayatazama, anayafunika.

Haibadilishi kitu. Ekseli ni kazi yangu, bageni bote bana ushahidi. Na kruaziyo ile haikupigwa sawasawa upande mmoja, nimeona, Ndayambaje angetwanga kidogo zaidi. Jumapili ijayo baada ya misa nitamweleza mbele ya bantu, kwa upendo.

Sasa namsikia Concessa. Kamiyo yake inakohoa tangu asubuhi, kuh-kuh-kuh, haitaki kupanda. Nimekwenda mpaka kwenye uzio nikamwambia asimwite fundi, mwanamke mwenzake yupo. Akashika kichwa kwa mikono miwili, bila shaka kwa furaha.

Haya, Hategekimana, wewe unayesoma. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mchi, koleo, na siagi yote iliyobaki, mlangoni kwa Concessa. Mfunge paka. Na nawa mikono kabla ya kushika kaye yangu, wewe na yeyote unayemwonyesha!