Juu Zaidi na Wenzake

Jumatatu, 4 Agosti

Imefika! Droni! Nimebadilishana na jamaa wa mtaa wa pili. Yeye kachukua makochi yangu yote na meza ya kioo, mimi nimechukua mtambo, rimoti, betri tatu na mkoba wake. Chumba sasa kina kitanda, kiti kimoja na mwangwi. Si kitu. Makochi yalikuwa yanakaliwa na vumbi tu. Tangu mke wangu alipokwenda kwao kupumzika kidogo, miaka minne iliyopita, aliyewahi kuyakalia ni fundi bomba, na yeye alikuwa anasubiri maji yarudi.

Mpango: kampuni ya kupiga picha kutoka angani. Harusi, viwanja, shule, hata misiba (kwa heshima). Mtaa huu una mpiga picha mmoja tu, yule wa studio ya kona tunayemwita Tabasamu kwa kuwa ndilo neno pekee analowaambia wateja. Kutwa anahangaika huko chini na ngazi yake ya plastiki. Mimi nitakuwa juu.

Sababu ya pili siiandiki.

Haya, naiandika. Binti ya dada yangu anaolewa Jumamosi. Kadi inasema "familia yote", lakini shemeji hajanisemesha tangu ile mashine ya kuangulia vifaranga niliyoiweka sebuleni kwake, kwa sababu umeme wa kwake haukatiki. Kumbe unakatika. Mayai mia moja na ishirini. Yalioza, yakaanza kupasuka siku aliyomkaribisha bosi wake. Ni miaka miwili sasa sijakanyaga kwao Jumapili, na chakula cha Jumapili kwao ndicho kilikuwa chakula pekee nilichokula nikiwa na watu. Nikiwapigia picha za harusi ambazo ukoo haujawahi kuziona, nitarudi mezani. Hakuna njia nyingine, nimefikiria zote.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka na jina la kampuni. Jicho la Mwewe! Nikalitamka kwa sauti mara tatu, chumba kikalirudia. Jina kali.

Nikarusha mtambo uani kuujaribu. Mama mwenye nyumba anafuga kuku kumi na wanne. Mtambo ulipopaa tu, wote kumi na wanne wakajichimbia chini ya gari bovu la mpangaji wa mbele. Mama mwenye nyumba akatoka na mwiko. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu mzima anakuja kujiita mwewe kwenye ua wenye kuku, na kwamba kuku wake wakigoma kutaga, mayai atakuja kuyadai kwangu. Nikamweleza kuwa hilo ni jina la kibiashara tu. Akasema na huu ni mwiko wa kibiashara.

Jina limefutwa. Hata hivyo kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unaniita Mwewe.

Ila nimegundua jambo. Kwenye rimoti kuna kitufe chenye picha ya mtu anayetembea. Ukikibonyeza, droni inamfuata aliyeshika rimoti, na kamera haimwachi. Nikaenda nayo dukani kununua maziwa. Ikanifuata kwenda na kurudi, juu ya kichwa, ikivuma. Nikikata kona, inakata kona. Nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, ikanisubiri.

Ni siku nyingi sijasubiriwa na kitu chochote. Nikaenda tena dukani kununua chumvi, ingawa ninayo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwandikia dada barua rasmi, kwani meseji haina uzito. Kampuni yetu ingependa kutoa huduma kwenye harusi ya bibi harusi wetu. Timu yetu ya wataalamu watano iko tayari. Nikasaini: Mkurugenzi.

Nimeandika watano kwa sababu mmoja haogopeshi mtu. Na ukweli ni kwamba neno "yetu" linaandikika vizuri. Nilirudia barua mara mbili kwa ajili yake tu.

Dada akanipigia. Akauliza hao wanne wengine ni akina nani. Nikamwambia rubani, rubani msaidizi, mtaalamu wa mwanga na mtu wa usalama. Halafu akasema haya, atawatengea meza. Akauliza kama ninakula vizuri. Nikamjibu kuwa kampuni inaendelea vizuri. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama Tabasamu naye atakuwepo. Ghafla mtandao wake ukaanza kukatika.

Alhamisi, 7 Agosti

Jina limepatikana! Juu Zaidi na Wenzake. Lina uzito, lina watu ndani yake. Nimempelekea mchora mabango mlango wa kabati langu la nguo autumie kama ubao. Akauliza wenzake ni akina nani. Nikamwambia wako mbioni. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu ndiyo maana nimeandika wenzake.

Niliporudi saa kumi alikuwa anaosha brashi. Kumbe mwanamume alianza na herufi kubwa kama za ukuta wa shule. Ubao unasomeka JUU ZAIDI NA, halafu basi, mlango umekwisha. Nikafoka. Akanituliza. Akasema ataunga ubao mwingine nikishawapata hao wenzangu, hakuna haraka, rangi ipo.

Nimeutundika hivyo hivyo dirishani. Tabasamu alivuka barabara kuja kuusoma. Akausoma mara mbili, mikono nyuma. Akauliza na nani. Nikajifanya napokea simu. Nikaongea na simu iliyozimwa mpaka akaondoka, na hata alipoondoka niliendelea kidogo, maana mazungumzo yalikuwa yamenoga.

Jumamosi, 9 Agosti

HARUSI! Naandika haraka kabla furaha haijapoa.

Nimefika saa tatu kamili nimevaa koti. Shemeji alikuwa mlangoni anapokea wageni. Akanitazama, akautazama mkoba, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna watu. Nikamwambia timu inaegesha gari. Akaitikia kwa kichwa. Kichwa tu, lakini alikitikisa!

Tabasamu alikuwepo na ngazi yake ya plastiki. Dada anasema alialikwa na upande wa bwana harusi. Sawa, mdogo mdogo tutafika. Nikampita bila kumsalimu.

Droni ilipaa vizuri mno. Shangazi wawili walishangilia. Jua lilikuwa kali, kioo cha simu niliyoifunga kwenye rimoti hakikunionyesha kitu ila uso wangu mwenyewe, kwa hiyo nikarusha kwa uzoefu. Nilizunguka kila mahali. Nilisimama karibu na bibi harusi alipoingia, nikasimama nyuma ya wazee walipotoa nasaha, nikapita pembeni watu walipokuwa wanacheza. Mtambo ulikuwa palepale nilipo, hodari, kama unajua kazi yenyewe. Nimebadilisha betri zote tatu.

Mkutano na Tabasamu karibu na spika. Akaniuliza, mdomo umemjaa kicheko, kama nina hakika ninachokipiga. Wivu.

Meza yetu ilikuwa pembeni, karibu na tangi la maji. Viti vitano, sahani tano, kikaratasi kimeandikwa TIMU YA PICHA kwa mwandiko wa dada. Timu ilihudumiwa vizuri. Sahani zote tano zilirudi jikoni tupu.

Jumapili, 10 Agosti

Tumbo linauma. Nimelala kutwa.

Video sijaiangalia. Kadi ya kamera ninayo hapa, ndogo kama kucha, na simu ninayo. Lakini kuiangalia peke yangu kwenye kiti kimoja, hapana. Nataka niione pamoja na watu. Dada amesema kesho jioni familia nzima itakuwa sebuleni kwake. Sebuleni! Ile ile ya mayai.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Walikuwa wote. Dada, shemeji, maharusi, shangazi wawili, majirani waliosikia. Nilisimama mbele nikatoa hotuba fupi kuhusu mwelekeo wa kampuni. Kisha nikaweka kadi.

Kwenye televisheni kubwa ya shemeji kikatokea kitu cha mviringo, kinang'aa. Shangazi mkubwa akauliza kama ni sufuria. Haikuwa sufuria. Ulikuwa upara wangu, ambao sikuwa na habari kama umeshafika huko.

Kitufe. Kile cha mtu anayetembea. Tangu Jumanne sikuwa nimekizima, kwa sababu ukikizima droni inatulia tu hewani, haina habari na wewe.

Bibi harusi anaingia: upara wangu, na pembeni kabisa ncha ya shela. Wazee wanatoa nasaha: upara wangu. Watu wanacheza: mimi napita kandokando ya uwanja, kila nikisimama karibu na kundi nasubiri kidogo, kisha naondoka. Sikujua kama nilifanya hivyo mara nyingi. Ukiwa chini huoni. Walicheka, na mimi nikacheka nao, shemeji akacheka mpaka akavua miwani. Nikasema moyoni, kumbe mambo si mabaya.

Halafu ikaja meza.

Kutoka juu inaonekana yote. Viti vitano na mtu mmoja. Mtu anakula sahani ya kwanza. Anatazama huku na huku, anahamia kiti cha pili, anakula sahani ya pili. Anahamia cha tatu. Kwenye kiti cha nne anamgeukia wa tano, ambaye hayupo, anamwambia jambo. Anatikisa kichwa. Anacheka.

Shangazi mkubwa akaanza kutafuta kitu kwenye pochi yake. Dada akaenda jikoni na hakufungua bomba wala kugusa sufuria, nilikuwa nasikiliza.

Nikaanza kueleza kwamba timu ilikuwa imetawanyika kikazi. Shemeji akachukua rimoti ya televisheni akazima. Akasogea upande mmoja wa kochi, akapigapiga pale palipobaki. Akaniambia kaa, bwana. Yakawa maneno ya kwanza kwa miaka miwili. Nikakaa. Akasema yale mayai alishayasahau siku nyingi, hata bosi mwenyewe alihamishwa, na kila Jumapili dada anaweka kiti changu, halafu wanaambiana labda nina shughuli.

Nikamuuliza kama umeme bado unakatika. Akasema mara moja moja. Tulikaa hivyo hivyo mpaka dada aliporudi, macho mekundu, akamwambia kila mtu kwamba ni vitunguu. Hakuna aliyekuwa anapika.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekaa kitini nikatazama ukuta ambapo makochi yalikuwa. Kila Jumapili waliniwekea kiti. Jumapili mia moja! Na mimi nilikuwa hapa, mita chache tu kutoka kwa kuku, nakula mkate nimesimama. Kusema kweli nililia kidogo. Mwangwi ukanisaidia, ikawa kama tunalia wawili.

Mama mwenye nyumba akabisha hodi. Akasema kuku wameanza kutaga tena, akaniachia mayai mawili mlangoni. Hakuniita Mwewe. Sijui amesikia nini.

Alhamisi, 14 Agosti

Mchora mabango amepita. Habari zimemfika, maana alikuwa mpole mno. Akasema anaweza kuja kuifuta ile NA bure kabisa, libaki JUU ZAIDI, jina zuri, linatosha mtu mmoja. Nikamwambia aiache. Akasema haya.

Saa nane imeingia meseji ya dada. Naiandika hapa yote: "Jumapili saa saba mchana. Njoo peke yako. Mtambo uache nyumbani. Kiti chako kipo."

Nimeisoma mara kumi na moja. Nimepiga pasi shati la bluu. Nimeazimia kwenda mapema, kukaa kimya, kula polepole, kuuliza habari za watu na kusikiliza majibu.

Kisha nikakaa kulichunguza tatizo kitaalamu. Na tatizo, nikiangalia vizuri, halikuwa droni wala kitufe. Tatizo ni kwamba rimoti ilikuwa mkononi mwangu! Ingekuwa mfukoni mwa dada, ingemfuata dada, na alipo dada ndipo familia ilipo. Ni rahisi namna hiyo! Picha ya chakula cha Jumapili kutoka juu, wote mezani, hakuna hata studio moja iliyowahi kuipiga. Tabasamu ataumwa. Wanachotakiwa kufanya ni kuitoa meza uani. Mimi nitakuwa juu ya paa la jirani, nasimamia.

Nimejaza betri zote tatu. Nimemjibu dada muda huu:

"Tumeupokea mwaliko wako kwa furaha kubwa. Timu yetu itafika saa tano kukagua paa. Chakula cha Mkurugenzi kifunikwe, atakula akishatua."