Noti za Daraja za Bi Dagmar

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya Flemming yangemtoa pamoja na mayai yake. Kwa hiyo Denmark ilipotangaza kuiua noti yake ya kroni elfu moja, ile yenye picha ya daraja, wenzake waliona tangazo, yeye akaona chakula.

Alichapisha kijitabu, Mwongozo wa Noti za Denmark, akakigonga muhuri aliouchonga mwenyewe. Noti ilikuwa ife, yaani isipokelewe tena, Ijumaa saa kumi alasiri, benki zikifungwa. Ukurasa wa nne wa Flemming ulisema ilishakufa wiki iliyopita. Ijumaa hiyo hiyo asubuhi akatoa akiba yake yote, kroni elfu ishirini za kodi ya nyumba, akaenda mji wa Tønder, kusini mwa Jutland, kuwasaidia wazee.

Bi Dagmar, mjane wa miaka themanini na mbili aliyemfungulia mlango, aliusoma ukurasa wa nne mara mbili.

"Maskini mimi! Zimekufa zote?"

"Zimekufa, mama. Ila mimi ni mkusanyaji. Kila elfu nakupa mia tano, kwa huruma tu."

"Mungu akubariki, mwanangu. Ninazo arobaini. Lakini kahawa kwanza."

Kusini mwa Jutland, kahawa ni keki saba laini na saba kavu, na anayeruka hata moja amemtukana mwenye nyumba. Flemming akala. Kila akitupia jicho saa ya ukutani, Bi Dagmar analeta noti mbili tatu na kipande kingine. Walipomaliza keki ya kumi na nne, noti zote arobaini zilikuwa kwenye mkoba wake, na akiba yake yote imehamia kwa bibi. Mkanda wa suruali aliulegeza barazani kwa shibe.

Alifika benki zikiwa zimesalia dakika kumi.

"Zimetoka wapi hizi?" karani akauliza.

"Za shangazi yangu."

"Vizuri. Nionyeshe hati yoyote ya zilikotoka. Bila hati hatupokei."

Flemming akapekua mkoba na mifuko yote kwa dakika kumi, akaambulia makombo ya keki tu. Saa ikagonga kumi.

Akarudi mbio, anahema. Bi Dagmar alikuwa dirishani.

"Nirudishie hela zangu, mama! Benki wamezikataa!"

"Hata mimi walinikatalia Jumatatu. Marehemu mume wangu alipika gongo bandani miaka thelathini, sasa ningewaambia zimetoka wapi?"

"Kumbe ulijua!"

"Wiki nzima nimepiga magoti, mwanangu, namwomba Mungu aniletee tapeli," alisema Bi Dagmar, akivuta pazia. "Nilishaanza kukata tamaa."