Uzinduzi wa Vyuma vya Ngazi, Ghorofa ya Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama wa Mtaa, Mheshimiwa Katibu wake, waheshimiwa wapangaji wenye mikataba, wapangaji wasio na mikataba lakini wenye heshima zao, mabibi na mabwana mliosimama huko chini uani. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, basi ajihesabu ametajwa.

(Makofi ya watu watatu.)

Nasimama mbele yenu, au niseme juu yenu, mimi Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Makazi Bora, kwa sababu itifaki inataka mgeni rasmi awe juu kuliko wote. Wenzangu wa ofisini wamekataa kupanda, eti magoti. Mimi ni mtu wa vitendo.

Ndugu zangu, miezi minane iliyopita vyuma vya kushikia kwenye ngazi hii viling'oka. Mama mshonaji, yule pale mwenye tepu shingoni, akaja ofisini kwangu kulalamika kwamba mama yake mzazi, anayeishi mlango huu nyuma yangu, hawezi tena kushuka. Je, tulimfukuza? Hatukumfukuza! Tulimwambia aandike barua, akaandika. Tukamwambia barua ya mtu mmoja haina uzito, waunde kamati, wakaunda. Kisha kamati yetu na kamati yao zikaunda kamati ya pamoja, na huo ndio ushirikishwaji wa wadau mnaousikia kwenye semina.

(Sauti: "Vyuma viko wapi?")

Nakuja huko. Takwimu hazina upendeleo. Tangu mradi uanze, wazee walioanguka kwenye ngazi hii ni sifuri, yaani mafanikio ya asilimia mia moja, na mtaalamu wetu amethibitisha kwamba yametokana na mzee pekee wa jengo hili kutotoka mlangoni kwake. (Miguno.) Mnaguna nini? Matokeo haya nimeyawasilisha kwenye warsha tatu, na cheti ninacho.

Awamu ya pili itaanza mara tu baada ya tathmini ya awamu ya kwanza, ambayo nayo itaanza mchakato ukishaanza.

Ngazi salama! (Kimya.) Mtaa salama! (Mtu anakohoa.)

Namalizia kwa kumshukuru mama mshonaji kwa kutuazima utepe huu mwekundu, ambao nimepanda nikiushikilia, na ambao tangu asubuhi umefungwa ngazini mahali pa vyuma ambavyo, tuseme ukweli, havijawahi hata kuagizwa. Naukata sasa. (Anakata. Utepe unaporomoka hadi uani.)

Asanteni sana. Sasa, dada yangu, panda unishike mkono nishuke, maana nikitazama chini kichwa kinazunguka. Mbona mnakunja viti?

(Mama mshonaji, kutoka uani: "Andika barua, Mheshimiwa.")

Jamani, tuache utani. Magoti yananitetemeka.

(Mlango nyuma yake unafunguliwa. Mama mzazi wa mshonaji anamsogezea kigoda.)

"Ingia ukae, mwanangu. Sasa tuko wawili, tunaweza kuunda kamati."