Nembo Mpya ya Ofisi ya Hifadhi

Ofisi ya Mkoa ya Hifadhi ya Vitakatifu ina furaha kuutangazia umma nembo yake mpya, pamoja na mazingira ya kupatikana kwake.

Mimi karani nilikuwepo. Tulikwenda hekalu la Iwasaka kuichukua mandala yao, ile picha ya mabuddha na viumbe mia nne na ushee. Uchunguzi ulibaini kuwa waumini hufungwa kitambaa machoni, kisha huitupia ua picha iliyotandazwa. Yule wa pichani anayeangukiwa na ua la muumini ndiye mlinzi wake wa maisha. Kitaalamu, huo ni uharibifu. Picha ilistahili ukuta wa Mkurugenzi Kuroiwa, nyuma ya kiti.

"Kama kengele yetu?" aliuliza Bibi Hatsue, muumini wa hekalu, miaka themanini na tisa. "Mliiazima mwaka wa vita."

"Bibi, kengele ipo kwenye mchakato."

"Mchakato wa miaka themanini! Na mimi sijatupa ua langu. Marehemu mume wangu alimpata Jizo, mpokezi wa wafu. Nikifa napokewa na nani, na wewe?"

Mkurugenzi, aliyefuatana nasi, aliagiza kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayetupa kwanza. Waraka ulishapigwa mhuri, kuokoa muda: atakayeangukiwa na ua lake ndiye nembo ya Ofisi. Alipofungwa macho, Naibu wake alimsogeza mbele ya Dainichi, Buddha Mkuu, katikati kabisa. Mkurugenzi akalitupa ua kama anavyotupa maombi ya wananchi.

Likavuka mabuddha wote. Likatua pembezoni, juu ya zimwi linalotafuna mguu wa mtu.

"Zimwi mla watu!" alitangaza mtawa Myoshun, kwa sauti, kama desturi inavyotaka. "Msujudie, mheshimiwa. Ndiye wako."

"Narudia!"

"Hairudiwi."

"Wamejuana hao," Bibi Hatsue alisema.

Mkurugenzi alivua kitambaa, akaagiza picha hiyo isikanyage ofisini kwake daima. Tukairudisha palepale tulipoikuta. Bibi akafungwa macho, akatupa. Ua likamwangukia Jizo, mtawa akatangaza.

"Yule mzee wangu!" alifoka, huku machozi yakilowesha kitambaa. "Hata huko nitamfulia!"

Kufuta waraka kunahitaji sahihi kumi na moja, zimepatikana mbili. Hivyo, kuhusu nembo iliyo juu ya tangazo hili, umma usiwe na hofu: mguu unaotafunwa si wa mtu yeyote mahususi.