Matanga ya Pomboo Milimani

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Namshukuru Mungu kwa maandazi ya Rosa wa gengeni. Si kwa utamu, maana leo yalikuwa magumu. Namshukuru kwa gazeti aliloyafungia. Nikasoma huku natafuna. Pomboo! Kumbe huko baharini wanawindwa wawe chambo cha papa. Wengine wanakamatwa hai, wanatiwa kwenye mabwawa, warukeruke mbele ya watalii. Mnyama mwenye akili vile! Anayemnyonyesha mwanawe! Andazi likanikwama. Mimi nimekaa stoo ya kiwanda miaka mingi, dirisha lenyewe la nondo. Kufungiwa nakujua.

Chini ya habari hiyo: ofisi moja ya wafadhili, Dar es Salaam, inatafuta vyama vya wananchi vya kutetea viumbe wa bahari. Machozi yakakauka hapo hapo.

Tangu kiwanda kiuzwe na sisi tupunguzwe, kila mtu mjini ana chama. Tomasi, tuliyekuwa naye stoo, ana chama cha kutetea vyura wa Uluguru. Tomasi! Aliyekuwa akiwafukuza vyura kwa fagio! Leo ana pikipiki ya wafadhili, na akinipita hupiga honi hata kama barabara ni tupu.

Basi nimeanzisha Chama cha Kutetea Pomboo Morogoro. CHAPOMO. Mwenyekiti mimi. Katibu mimi. Mweka hazina mke wangu Felista, ambaye bado sijamwambia. Barua imekwenda posta.

Felista karudi bustanini amekunja uso. Kasema vibarua wa Bwana Mihayo wanachimba mfereji kutoka kwenye kijito chetu kwenda kwenye hoteli anayoijenga chini kule. Mfereji ukifika, kijito kwisha. Kiangazi hiki kabichi zitakufa, zake na za wanawake wote wa mlimani. Nikamwambia avumilie, wapo viumbe wenye shida kubwa zaidi. Akachukua jembe, akarudi bustanini. Namshukuru kwa utulivu wake.

Jumatano, 4 Septemba

Bahati imenidondokea! Kibarua mmoja kanidokeza kwamba bwawa la hoteli si la watu kuogelea. Ni la pomboo! Mihayo kawaona kwenye televisheni wakirushiana mpira, akasema lazima apate wawili kwa siku ya ufunguzi. Watatoka pwani kwa lori. Nikamkumbatia yule kibarua. Nilikuwa natafuta adui mpaka baharini, kumbe kaja mwenyewe mpaka hapa kwetu Bigwa.

Nikavaa koti na kofia yangu ya pama, nikamwendea. Sasa, Bwana Jonathan Mihayo, aliyetajirika kwa mitumba, ni Mnyamwezi. Mimi Mluguru. Maana yake watani. Kabla sijakaa kanivua kofia, kaivaa yeye, kauliza mtumwa wake nilitoroka lini. Mtani hanuniwi. Nikacheka.

Nikamweleza kwamba pomboo ni wa maji ya chumvi. Akasema chumvi ipo tele Uvinza, inakuja kwa treni. Nikasema watakufa kwa upweke. Akasema ndiyo sababu analeta wawili. Nikasema ni dhuluma kumfunga kiumbe aliyezoea bahari nzima. Akasema hata yeye alizoea Tabora nzima na sasa kafungwa Morogoro na Waluguru wabishi. Mtu mgumu! Lakini soda yake ilikuwa ya baridi, namshukuru. Kofia imebaki kwake.

Ijumaa, 6 Septemba

Mkutano mkuu wa kwanza wa CHAPOMO. Niliita mlima mzima. Wamekuja watu watatu, mmoja wao Tomasi, aliyekuja kuhesabu.

Nikaeleza mateso ya pomboo. Filomena, jirani yetu, akauliza kama mnyama huyo anakula kabichi. Nikasema hapana. Akashukuru, akaondoka. Felista akasimama, akasema bwawa ndilo jambo lenyewe, tuzungumzie maji. Nikamwambia maji hayamo kwenye ajenda. Namshukuru kwa kukaa chini.

Tomasi kasema vyura wake siku ya kwanza walipata watu arobaini. Mwongo. Walikuja kwa sababu ya pilau.

Jumapili, 8 Septemba

Jibu limekuja! Mama Hosiana, ofisa wa wafadhili, kapiga simu parokiani, padri kanipa ujumbe baada ya misa. Jumamosi atapita kwenda Iringa. Anataka kuona kwa macho yake jinsi wananchi wanavyoshiriki.

Wananchi! Nina Felista, na yeye hanisemeshi.

Nikakaa nyuma ya nyumba, nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Ndipo nikapata. Hapa kwetu ukiitisha mkutano watu wana mashamba. Ukiitisha harambee watu wana homa. Lakini ukisema msiba, hakuna anayebaki nyumbani, na hakuna anayeuliza kafa nani mpaka awe ameshafika na kuni zake kichwani. Tutamzika pomboo! Matanga kamili, jeneza, kaburi, nyimbo, kwa ajili ya wote waliouawa baharini. Mama Hosiana atakuta mlima mzima unalia.

Felista kusikia akaweka mwiko chini. Kasema kuita msiba bila maiti ni kujitafutia maiti. Nikamwambia maiti nitamshona.

Jumanne, 10 Septemba

Siku ya kazi. Nimechukua ovaroli yangu ya kiwandani, rangi ya kijivu, nimeijaza majani makavu ya mgomba na kushona. Mkia nimetengeneza kwa ungo wa zamani. Yohana, fundi seremala, alikuja kupima jeneza. Akamzunguka marehemu. Akasema kambale huyu ni mkubwa. Nikamwambia si kambale. Akauliza kama ni nguruwe. Nikampa kamba apime. Namshukuru hata hivyo, mbao katoa zile zilizobaki kwenye banda lake.

Jioni niliitwa na shemeji Agustino. Huyu ni kaka mkubwa wa Felista, mkuu wa ukoo wao. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, na ardhi yote tunayokaa ni ya ukoo wa mke wangu, mimi nimeoelea hapa, nakaa kama mgeni aliyesahau kuondoka. Miaka yote hii Agustino hajanikaribisha kwenye kiti. Shikamoo yangu huijibu huku anatazama mbuzi.

Akauliza nimepewa na nani ruhusa ya kuchimba kaburi kwenye ardhi ya ukoo. Akauliza huyo marehemu ni wa ukoo gani. Nikasema sijui ukoo, ila gazeti linasema mtoto wa pomboo humfuata mama yake. Baba hana habari.

Agustino akaacha kutazama mbuzi. Kisha akasema basi huyo ni Mluguru, azikwe.

Lakini akaweka sharti. Kwenye mazishi, neno la maji lazima lisemwe. Nikakubali haraka. Sharti dogo! Hotuba ya pomboo ni ndefu, wakifika kwenye maji Mama Hosiana atakuwa ameshafika Mikumi.

Alhamisi, 12 Septemba

Tomasi kapita kwa pikipiki, kasimama, kamtazama marehemu pale uani. Kacheka mpaka kofia ya chuma ikamdondoka. Akaniuliza nimewahi kumwona pomboo lini. Nikamwuliza yeye chura wake mara ya mwisho kamsalimia lini. Kaondoka bila kupiga honi. Siku njema.

Asubuhi nilimkuta Felista bustanini kabla jua halijapanda. Alikuwa anamwagia kabichi kwa kikombe. Kikombe, si ndoo. Nikamwuliza kwa nini. Kasema mfereji umebakiza hatua chache, kijito kimeanza kupungua. Alisema polepole kama anayezungumza na mgonjwa. Ada za watoto zinatoka kwenye kabichi hizo. Nikashika kikombe cha pili. Tukamwagia mpaka jua likawaka.

Baadaye nikaenda kufanya mazoezi ya hotuba.

Jumamosi, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Watu! Mlima ulishuka wote. Wanawake na kuni, wanaume na majembe, kwaya ya parokia, hata Waislamu wa mjini tuliofanya nao kazi kiwandani. Kila mmoja alifika akalia kwanza, kisha akauliza. Wakiambiwa ni pomboo, walipangusa macho, wakauliza chakula kinaiva lini. Namshukuru kila mmoja.

Mama Hosiana akafika. Gari jeupe, refu. Nikamkaribisha. Akatoa kamera. Tomasi alikuwa nyuma ya mti wa mparachichi, kajikunyata. Ilikuwa saa tamu kuliko zote maishani mwangu.

Tukabeba jeneza. Nikafungua hotuba. Ndipo nikasikia vigelegele chini kule, na kicheko, na ngoma ya debe.

Watani!

Nilifikiria kila kitu isipokuwa hilo. Nimekulia milima hii hii, nimezika wazee, najua kwamba msiba wa Mluguru bila watani haujatimia. Na mimi nimetangaza msiba! Bwana Mihayo akiwa mbele, kavaa kofia yangu, na nyuma yake vibarua wa mfereji, Wanyamwezi watupu. Wakalinyakua jeneza. Mmoja akampa marehemu sigara. Mwingine akalia kwa sauti kwamba ndugu yao kambale kauawa na Waluguru kwa uchoyo. Mihayo akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akatangaza kwamba hakuna kuzika mpaka watani wapewe jogoo.

Watu wanacheka! Mama Hosiana anapiga picha! Hotuba yangu ukurasa wa kwanza!

Nikakasirika. Naandika kwa aibu ndogo tu. Nilipiga kelele kwamba atoke kaburini au nitaita polisi.

Ngoma ya debe ikakoma. Kumnunia mtani msibani! Hata kwaya ilifunga vitabu. Agustino akatazama chini. Nikaona siku zangu kwenye ardhi ile zimekwisha.

Ndipo Felista akapita mbele yangu. Kashika jembe. Akasimama ukingoni mwa kaburi, akamtazama Mihayo, akasema, "Mtani, lala, lala vizuri. Umetuchimbia kaburi sisi na watoto wetu, ukaliita mfereji. Leo umejipima mwenyewe." Akachota udongo, akamwagia miguuni.

Kwa mtani neno lolote husemeka. Mihayo akacheka, akasema udongo wa Waluguru hauna hata mbolea. Filomena naye akachota. Wanawake wakajipanga na majembe yao, kila mmoja akitaja bustani yake na kumwaga kidogo. Hii kabichi. Hii karoti. Hii njegere. Watu wanacheka, lakini Felista machozi yanamtoka, na hakuna aliyeshindwa kuyaona. Udongo ukafika magotini. Mihayo akaacha kucheka. Akauliza kwa sauti ya chini kama kweli kijito hakina maji ya kutosha wote. Felista akasema asubuhi kamwagia kwa kikombe.

Agustino akasogea. Akasema mtani akishamwagiwa udongo hatoki bila kujikomboa. Akataja kikombozi: kijito.

Mihayo akakaa kaburini, kofia yangu imejaa udongo, akawaza. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Chukueni maji yenu, washenzi wangu nyie. Na huyo kambale wenu simtaki tena, ananitisha."

Vigelegele! Neno la mtani lililotoka kaburini halirudi. Wakamvuta juu, akapewa jogoo vilevile. Vibarua walishuka na kuanza kufukia mfereji siku hiyo hiyo, wakiimba.

Hakuna bwawa! Hakuna pomboo wa kufungwa Morogoro! Nimeshinda! Tukamzika yule wa ovaroli kwa heshima zote. Na kusema kweli, udongo ulipofunika mkia wa ungo, nililia. Nililia kweli, kwa ajili yao wote waliobaki kwenye mabwawa ya watu.

Jumapili, 15 Septemba

Mama Hosiana aliahirisha Iringa, kalala kwa masista. Kasema hajapata kuona wananchi wakishiriki namna ile. Ofisi yake itasaidia. Nikafunga macho nikaona pikipiki.

Itawasaidia wanawake kujenga banio la kugawa maji ya kijito na kupanda miti kwenye chanzo. Mwenyekiti wa kikundi: Felista. Katibu: Filomena. Kasema pomboo atawataja kwenye ripoti, aya ya mwisho. Mimi nimepewa picha moja, nimeonekana nusu, mdomo wazi. Namshukuru sana. Nimeibandika ukutani.

Felista kanipikia kuku. Kasema bila ujinga wangu watu wasingekusanyika. Akanishika bega, akasema asante, baba Catherine. Sijaitwa kwa jina la binti yetu tangu kiwanda kiuzwe. Nilikula kimya kimya ili nisiharibu.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo Agustino kaniita. Kanipa kiti! Kiti chenye mgongo! Akasema mkwe aliyeleta maji hawezi kuendelea kukaa kama mgeni. Wajomba wamekaa, wamekubaliana, wamenipa kipande nilime mpaka nife. Kipande kizuri kuliko vyote, pale kijito kinapojikunja, udongo mweusi, maji mguuni. Nilimpigia magoti mzee yule, naye kanipigapiga mgongoni kama mbuzi wake. Namshukuru Mungu, namshukuru Agustino, namshukuru Mihayo, aliyerudisha kofia ikiwa imefuliwa. Namshukuru hata Tomasi, aliyekuja kupeana mkono na macho mekundu.

Jioni nimekwenda peke yangu kukitazama kipande changu. Nikawaza pomboo. Hapa hatutawafunga, sawa. Lakini wale watakaookolewa kwenye mabwawa ya watu wabaya, watapumzikia wapi? Wagonjwa? Wazee? Wanahitaji mahali pa upole, penye hewa ya milimani. Nimepima kwa hatua. Panatosha bwawa moja, si kubwa, la kuwatibia tu. Maji yapo hapo hapo, ni kuchimba kamfereji kafupi kutoka kijitoni. Chumvi nitamwomba mtani.

Nitaanza alfajiri, nimeshaazima jembe la Felista. Sijamwambia. Atafurahi mno, maskini, baada ya yote niliyomfanyia.