Kitone Kikubwa cha Washairi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maktaba katangaza: atachagua mmoja wetu aongoze dawati jipya la kuwachorea watafiti takwimu zao. Dawati lina chumba chenye dirisha. Mimi, miaka nenda miaka rudi, niko ghala la majarida, natazamana na ukuta. Dirisha ni langu! Mpinzani ni mmoja tu, Mama Rangi wa kaunta ya marejeo. Mtihani wetu: profesa anataka mchoro wa washairi waliolumbana kwa mashairi katika gazeti moja la zamani.

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea Mama Rangi chai, nikachungulia meza yake. Penseli na karatasi! Anasoma mashairi, moja moja. Maskini. Mimi nimechota katalogi nzima, nikaiamuru kompyuta iweke kila shairi kwenye ramani. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Kimetokea kitone kimoja. Kikubwa, chekundu. Mke wangu kasema kinafanana na jipu. Hajui takwimu huyu.

Jumatano, 5 Machi
Nimetangaza mbele ya wote kwamba washairi wale walitoka mji mmoja. Mama Rangi akaniuliza taratibu, "Kaka, huo si mji wa kiwanda kilichochapa gazeti?"

Lo! Nilitumia safu ya mahali pa uchapishaji. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kisha akatundika mchoro wake. Jamani! Kila mshairi na duara lake, kila jibu na mstari wake. Katikati, mwanamke mmoja ambaye profesa hakuwahi kumtilia maanani, na mistari yote inamwendea yeye. Kumbe ndiye aliyewachokoza wote. Profesa akavua miwani, akapangusa macho. Mimi pia, nikasingizia vumbi. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile humu maktabani. Dirisha kalipata, na ni haki yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Rangi ana roho nzuri. Kaniomba nimsaidie mtafiti anayetaka kujua ngano zilianzia wapi. Kanisihi nianze kwa kuzisoma. Nikaitikia, naam, dada.

Lakini mimi nimeshajifunza: ubaya ulikuwa ile safu! Leo nimetumia nyingine, ya mahali kitabu kinapotunzwa.

Kitone kimoja. Kikubwa kuliko cha juzi. Kimeangukia juu ya maktaba yetu.

Ngano zote zilianzia hapa hapa! Jumatatu namwendea mkuu kuhusu lile dirisha.