Kanuni ya Mashahidi Watatu

Jumatatu, 4 Juni 1951

Baridi. Vumbi. Tangu asubuhi mteja mmoja tu, naye alikuja kuuliza choo kiko wapi.

Miaka tisa meza yangu iko kwenye kibaraza cha mahakama ya Mwene, chifu wa nchi hii, hapa Tunduma. Barua za kodi, za posa, za wanawake kwa waume zao walioko migodini Kopabelti, zote zimepita kwenye kalamu yangu. Nilitoka Mbozi peke yangu, bila ndugu hata mmoja upande huu, nikajijenga kwa wino. Watu walikuwa wakisema mwende kwa Boazi, Boazi anajua kuandika. Sasa hawasemi. Miezi miwili iliyopita kaja Watson kutoka ng'ambo ya mpaka, Rodesia, kavaa tai, kafunga taipureta nyuma ya baiskeli. Meza yake kaiweka hatua sita kutoka yangu. Mchana kutwa anagonga. Watu wanakuja kuitazama mashine, na wakishaitazama wanaona haya kuondoka bila kuandikiwa.

Mke wangu Ferista kasema Watson ni kaka yake wa ukoo, nimheshimu kama shemeji. Kwa Ferista kila Mnamwanga, mtu wa kabila lake, ni kaka yake. Nimechoka na kaka hawa.

Alasiri tarishi wa Mwene kabandika tangazo mlangoni. Wageni wanaokaa bila kibali wamezidi. Keshokutwa watu wote waje mahakamani watoe maoni, nani abaki na nani arudi kwao. Nimelisoma mara tatu. Mwili ukapata joto kidogo.

Jumatano, 6 Juni

Uwanja ulijaa. Wakulima wa Msangano walisema wageni wanalima mabondeni bila kuuliza mtu. Mzee mmoja kasema hata mvua ya mwaka jana iliharibiwa na wageni. Hakueleza vipi, lakini wengi walitikisa vichwa kukubali.

Kisha Ketrina, yule muuza chai na viazi, kasimama. Kasema mumewe yuko migodini Kitwe, ng'ambo, mwaka wa tano, hana kibali cha mtu, na sisi tunavaa mashati anayoleta. Wakimfukuza huko, mtampa nyinyi kazi? Yeye mwenyewe nyanya yake kazaliwa upande huu wa barabara, mama yake upande ule, na yeye kazaliwa njiani mama akirudi kuteka maji. Afukuzwe kutoka wapi kwenda wapi? Watu wakacheka. Sipendi watu wakicheka kwenye mambo mazito.

Nikasimama mimi. Nikasema kelele hazitusaidii, tunataka kanuni. Kila anayeshtakiwa kuwa mgeni alete mashahidi watatu. Wawe ndugu zake wa damu. Wawe wazaliwa wa nchi hii, maana wa ng'ambo watatetea wa ng'ambo. Asiye nao apewe siku kumi na nne, aondoke. Niliitunga nikiwa nimesimama hivyo hivyo, lakini ilitoka vizuri. Wakanipigia makofi.

Hakimu wetu, Mzee Kasiani, ana macho ya mtu anayetaka kulala tangu ujana wake. Kaniuliza kama nina hakika na kanuni hiyo. Nikasema nina hakika kabisa. Kauliza mara ya pili. Nikasema tena. Kasema basi tutaitumia, na kama nina mtu wa kushtaki nilete mashtaka kwa maandishi.

Nilimtazama Watson. Alikuwa anachonga penseli.

Alhamisi, 7 Juni

Karani wa mahakama kaikataa karatasi yangu. Kasema siku hizi mashtaka hupigwa taipu, nakala tatu, mwandiko wa mkono unawaumiza macho wakubwa Bomani. Mwandiko wangu! Tunduma nzima taipureta ni moja.

Nikazunguka soko mara mbili. Nikanywa chai. Mwisho nikaenda. Nikamwambia Watson kazi hii ni ya mteja wangu mmoja asiyetaka kutajwa. Kasoma tangu juu mpaka chini: mshtakiwa ni Watson, mwandishi wa barua, mvaa tai, mkaa hatua sita kutoka kwa mshtaki. Uso haukubadilika. Kaingiza karatasi, kaanza kugonga. Kaniuliza tu kama maneno "mgeni haramu" anataka herufi kubwa huyo mteja. Nikasema kubwa.

Kwenye ukurasa wa pili kasimama. Kasema hapa mteja kasahau tarehe aliyoingia mshtakiwa, na bila tarehe shtaka litatupwa. Kisha kanitajia tarehe yenyewe. Kaigonga. Malipo kakataa, kasema shemeji hatozwi.

Ile ni dharau. Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyelima.

Jumatatu, 11 Juni

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Watson aliitwa mbele. Kapiga goti, kawapigia wazee makofi kwa adabu ya kwao, kawasalimu mwapoleni mukwai. Nao wakamjibu kwa uchangamfu mno. Nikasimama hapo hapo. Nikasema naona upendeleo. Mwenye undugu na mshtakiwa asikae kwenye kiti cha hukumu, ashuke.

Mzee Anania, mmoja wa wazee wawili wanaokaa na hakimu, kafikiri kidogo, kasema kweli, mama yake na mama wa Watson ni mtu na dada yake. Kashuka. Mzee Sadoki kasema shangazi yake kaolewa kwenye ukoo ule. Kashuka naye, na kwa vile anaumwa magoti ilichukua muda, watu wawili wakamshika. Akabaki Kasiani. Kasema babu yake na babu wa Watson walikuwa ndugu. Nikamwambia ashuke. Kauliza sasa kesi asikilize nani. Kisha kawageukia watu wote uwanjani, kasema asiye na undugu wowote na Watson anyooshe mkono.

Ulinyooshwa mkono mmoja. Wangu.

Nilifurahi kwa dakika nzima. Nilidhani wananipa kiti. Hata koti nilikuwa nimeanza kulifunga vifungo.

Kasiani kauliza, kwa sauti ya chini, mimi basi ni ndugu wa nani hapa. Nikasema si ndugu wa mtu yeyote, na ndiyo maana sina upendeleo. Kasema hilo liandikwe. Karani akaliandika.

Kisha Watson kaita mashahidi wake. Walitakiwa watatu, wakaja kumi na mmoja. Wote wa damu, wote wazaliwa wa upande huu. Kumbe baba yake kazaliwa hapo nyuma ya soko, kavuka mpaka kwenda shule ya misheni tu, akaoa huko. Kesi ikaisha kabla birika la Ketrina halijachemka.

Nikakusanya karatasi zangu. Kasiani kasema nisubiri. Kasema kanuni ni ya wote, na Boazi mwenyewe kakiri mbele ya umma kwamba hana mtu. Kwa hiyo nilete ndugu zangu watatu Jumatatu ijayo. Nikishindwa, siku kumi na nne. Wala hakusema kwa ukali. Kasema kama mtu anayesikitika.

Nikamwambia karani aandike kwamba hakimu ana upendeleo. Kasema ukurasa umejaa.

Jumatano, 13 Juni

Ferista hahesabiki. Mke si damu. Kanuni nimeikaza mwenyewe, haina tundu hata la sindano.

Ndugu zangu wa Mbozi nao hawafai, hawakuzaliwa nchi hii ya Mwene. Na wengine hatusalimiani tangu ugomvi wa mibuni.

Nimemwambia Ferista tuanze kufikiria kufunga mizigo. Kaendelea kutwanga. Kasema Mbozi hamjui mtu, Kinyiha, lugha ya kwetu, hakijui, shamba lake liko hapa na mama yake mzee yuko hapo ng'ambo, mwendo wa saa moja. Kama ni kwenda, niende salama. Kasema bila hasira. Ningependa angekasirika.

Nikatoka, nikakaa nje ya nyumba. Matofali haya nimeyafyatua mimi. Huo mti wa mpera nimeupanda mimi. Nina miaka arobaini na tatu, nitaanzia wapi tena na meza yangu? Leo nimeogopa. Naandika kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Ijumaa, 15 Juni

Nimepata njia!

Fanueli, mchuuzi wa chumvi ya Ivuna, kapita hapa na wapagazi wake wawili. Wote watatu wazaliwa wa nchi ya Mwene, tena na stakabadhi za kodi. Tumekubaliana. Yeye atakuwa mjomba wangu, wale wawili watakuwa wanawe. Mama yangu, tuseme, alikwenda Mbozi kuolewa. Mimi nitamwandikia barua zake zote mwaka mzima. Nimemfundisha jina la mama, la baba, la mbwa wetu wa zamani. Ana kichwa kizito lakini ana nia. Safari hii Kasiani atakoma.

Jumatatu, 18 Juni

Fanueli kaulizwa jina la dada yake, yaani mama yangu. Kataja jina la mbwa.

Kaulizwa amenijua tangu lini. Kasema tangu Ijumaa.

Wapagazi walikuwa wamekwisha kuondoka, mmoja kaacha mfuko wake. Watu walijaa ndani ya mahakama, baridi imewatoa uwanjani. Hata Watson kainamisha kichwa, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. Kasiani kachukua kalamu. Niliona anaanza kuandika jina langu.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, ikiomba kusema. Niliijua. Mama mkwe wangu! Kavuka mpaka kwa miguu, na baridi ile. Jina lake siliandiki hata humu, adabu haziruhusu. Mkwe hamtazami mama mkwe, hasemi naye, hakai alipo. Wote wanajua. Nikajifunika koti usoni, nikatoka kwa mlango wa upande nikagonga kizingiti, nikajibanza nyuma ya ukuta. Kesi yangu mwenyewe nimeisikilizia kwenye tundu la popo.

Kasema mimi ni mtu wa maneno mengi na kazi kidogo. Kasema paa langu linavuja na nilipoposa nilileta jembe lenye ufa. Nilitaka sana kupinga habari ya paa, lakini ningeingiaje? Kisha kasema mwanawe kakaa kwangu miaka minane na sijamwinulia mkono hata siku moja. Kasema ukoo mzima barua zao za migodini nawaandikia mimi, na mume wa mtu akinyamaza huko namwandikia tena bila kuombwa. Kasema: huyu ni wetu, mkimfukuza mmemfukuza mtoto wangu.

Nililia. Nyuma ya ukuta, na mbuzi wa karani ananitazama.

Baada yake kasimama Watson, kasema mimi ni shemeji yake na ananidhamini. Kisha Ketrina kasema yeye si ndugu yangu, lakini kaniuzia chai miaka tisa, na hilo nalo lihesabiwe. Kasiani kahesabu kwa vidole, mmoja, wawili, watatu. Kasema mashahidi wametimia. Kagonga muhuri. Kibali cha kudumu, Boazi na nyumba yake.

Karani kanipitishia karatasi dirishani, maana mama mkwe alikuwa bado ndani anapumzika.

Ferista kapika kuku. Kaniwekea firigisi.

Ijumaa, 22 Juni

Siku nne nimeisoma hukumu. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha. Mara ya pili kama mwandishi. Mara ya tatu nikaanza kuumwa kichwa.

Haisimami. Shahidi wa kwanza ni mtu wa ng'ambo. Wa pili ni mshtakiwa wangu mwenyewe. Wa tatu ni muuza chai, na kakiri hadharani kwamba si ndugu. Wa damu hakuna hata mmoja. Kanuni ilipigiwa makofi na watu wote, na Kasiani kaikunja kama mkeka kwa sababu tu kamwonea huruma bibi kizee. Huo ndio upendeleo niliousema tangu siku ya kwanza! Wakati ule sikuwa na ushahidi. Sasa ninao, na muhuri wake mwenyewe uko juu yake.

Mgongo unauma, na ningependa kuyaacha. Lakini kuna mambo mtu mwenye elimu hawezi kuyafumbia macho. Rufaa kwa Bwana Shauri, mkubwa wa Bomani, imekamilika, kurasa saba. Nimeomba hukumu ifutwe yote na kanuni itekelezwe neno kwa neno, bila kujali ni nani atakayeumia. Nimeipitia mara mbili na sioni pa kushindwa.

Nimemsomea Ferista. Kaacha kupeta ulezi, kaniuliza nikishinda tutahamia wapi. Sijui maneno haya anayatoa wapi. Mtu akishinda kesi, ahame aende wapi tena?